Kabla Mgeni Hajafika: Kupanga Onyesho la Ufunguzi la Filamu ya Kihistoria katika Bonde la Ruzizi

(Mhadhara uliotolewa Mutarule mbele ya wanafunzi wa filamu, wazazi wao na wazee wa kijiji. Umechapwa kama ulivyosemwa. Maswali na majibu ya mwisho yameachwa.)

Nitajaribu kusema kwa namna ambayo hata asiyewahi kushika kamera ataweza kunibishia.

Wanafunzi mlioniita, nimesoma muswada wa filamu yenu. Inaanza 1958 na kuishia 1964, yote ndani ya bonde hili, na kwa filamu ya wanafunzi wenye fedha kidogo mmejitwika mzigo mkubwa. Kurasa za katikati zimenipendeza. Kijana anauza baiskeli ya baba yake ili ajiunge na waasi, halafu anakwenda kwa miguu mpaka Luvungi akijifanya baiskeli imeibwa: hapo mmeandika kitu. Leo nitazungumzia ukurasa wa kwanza peke yake. Umeandikwa hivi: usiku, nyumba ya nyasi inawaka, mwanamke anapiga yowe, risasi zinalia, kisha maandishi meupe juu ya giza, «Ruzizi, 1964». Msimulizi anaingia na kuanza kutueleza ukoloni ulikuwa nini. Ningependa mkitoka hapa mkauchane ukurasa huo.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi na haihitaji maneno mengi. Ukianza na moto, ukurasa wa kumi utaweka nini? Tena mtazamaji bado hamjui yule mwanamke. Hajui jina lake, hajamwona akicheka wala akigombana na jirani. Atamhurumia kama tunavyowahurumia watu wa kwenye taarifa ya habari, yaani kwa dakika moja. Na msimulizi anayeeleza historia mwanzoni anamwambia mtazamaji kwamba picha hazitajitosheleza. Mkimhitaji sana, mleteni baadaye, watu wakiwa wameshapata swali la kumuuliza.

Sababu ya pili ndiyo iliyonileta. Filamu ya mambo ya kale ina kazi moja ambayo filamu ya mambo ya leo haina. Katika dakika mbili za kwanza lazima imwonyeshe mtazamaji ni nani katika zama hizo anayejua mambo, na ni nani anayepita tu. Kamera ikimfuata mgeni anayefika, basi nchi nzima inakuwa jambo la kugunduliwa, na wenyeji wanakuwa sehemu ya mandhari pamoja na miti. Kamera ikianza na mwenyeji aliye katikati ya shughuli yake, anayefika baadaye ndiye atakayelazimika kujieleza. Nitatoa mifano, kisha mniambie kama ninatia chumvi.

Chukueni filamu mashuhuri kuliko zote zilizochota habari kutoka ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli, kwa reli na kwa kukokotwa porini, mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka huohuo wa 1916 ili isitekwe. Baadaye ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ambalo wengi hapa mnalijua. Vita hivyo ndivyo vilivyomtilia mbegu C. S. Forester, aliyechapisha riwaya yake The African Queen mwaka 1935, na John Huston akaifanya filamu mwaka 1951. Haikupigwa Tanganyika. Walikwenda kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, na Uganda.

Sasa tazameni inavyoanza. Yanatokea maandishi: Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Tumo ndani ya kanisa la misheni. Mchungaji Mwingereza anaimbisha, dada yake anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanatoa sauti zisizo wimbo wala maneno. Nje mashua ya mvuke inapiga honi. Anashuka Humphrey Bogart akiwa na sigara kubwa mdomoni. Anaitupa, watu wanaigombania, ibada inavurugika. Kwa ufundi, onyesho hilo limepangwa vizuri sana, na ninawashauri mlitazame mara nyingi. Ndani ya muda mfupi umewajua wahusika wakuu watatu, umecheka, na umeelewa kwamba misheni ile haina mizizi. Lakini hakuna Mwafrika hata mmoja ndani yake anayejua chochote. Hata wimbo hawaujui! Watu wa kijiji kile, ambao wageni hawangeweza kusafiri wala kula bila wao, wamewekwa pale ili waimbe vibaya na wagombanie kipisi cha sigara. Baada ya Wajerumani kukichoma kijiji chao hatuwaoni tena, wala filamu haiwahitaji.

Mtasema huyo ni mzungu wa 1951, tumwache. Haya, tumtazame wa kwetu. Wenye umri wangu mnakumbuka taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilivyokuwa ikifunguliwa: mawingu, kisha uso wa Mobutu ukishuka kutoka humo. Sijui mwongozaji yeyote wa Afrika aliyekuwa na onyesho la ufunguzi lililotazamwa mara nyingi kuliko lile. Na filamu yake kubwa zaidi aliiweka mlangoni kwetu. Juni 1964, wakati jeshi la serikali lilipokuwa likiwakimbia waasi katika bonde hili, Mobutu alifika daraja la Kamanyola. Hadithi ya dola ikawa kwamba alilivuka akiongoza askari wake huku risasi zikipita. Jina la Kamanyola likapewa divisheni ya jeshi, likapewa meli yake ya kifahari kwenye mto Kongo, na likapewa uwanja wa mpira wa Kinshasa uliofunguliwa 1994, ambao tangu 1997 unaitwa Uwanja wa Mashahidi. Angalieni mpangilio: daraja tupu, mtu mmoja anavuka, historia inaanza. Watu waliokuwa wakiishi pande zote mbili za daraja hawamo. Walikuwa wakilima nini mwaka ule? Walimkimbia nani, na kwa nini wengine hawakukimbia? Hadithi haikuwauliza.

Ninyi hamkumpenda Mobutu, muswada wenu unaonyesha. Lakini ukurasa wenu wa kwanza umepangwa kama alivyopanga yeye. Jambo kubwa linatokea na wenyeji wanatokewa.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi Kinshasa utotoni, aliifungua Lumumba ya mwaka 2000 kwa picha za zama za Wabelgiji zikipishana na karamu ya Mobutu, ili tangu mwanzo tuulize nani amekaa mezani kwa sababu ya maiti ya nani. Vita vilimzuia kuipiga Kongo. Alikwenda Zimbabwe na Msumbiji. Na mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania alitoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, wahusika wakisema Kiswahili chao. Itafuteni. Itawaonyesha kwamba zama za ukoloni zaweza kujengwa kwa vyumba, nguo, taa na mazungumzo ya watu wanaopendana na kukosana, bila jeshi la waigizaji elfu moja.

Turudi nyumbani, kwenye tukio ambalo, kama lingekuwa langu kupanga, ningelifanya onyesho la ufunguzi la filamu yoyote kuhusu sehemu hii ya ziwa. Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili ilitia nanga Uvira ikitoka Ujiji. Ndani yake walikuwamo Richard Burton na John Hanning Speke. Burton alikuwa na vidonda kwenye ulimi hata kusema kulimwia vigumu. Speke alikuwa ameingiwa na mdudu sikioni wiki chache kabla, na sikio hilo likawa bovu. Mmoja hasemi vizuri, mwingine hasikii vizuri, na wote wawili wamesafiri kutoka mbali ili kuuliza swali moja: mto ulio kaskazini ya ziwa unaingia au unatoka? Kama unatoka, labda wamepata chanzo cha Nili. Wakaja wana wa mtemi Maruta wa Uvira. Wakaulizwa. Wakajibu kwamba Ruzizi unaingia ziwani, na waliokuwapo wakaafiki. Wageni walitaka kwenda kujionea mdomo wa mto, wapiga makasia wakakataa kuendelea, safari ikaishia hapo. Novemba 1871, miaka 13 baadaye, Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka mdomoni mwa Ruzizi na kuthibitisha: unaingia.

Hebu fikirini namna ya kulipiga hilo. Vijana wawili wa Kivira wanarudi kutoka kuvua. Mtu mgonjwa anawauliza kwa mkalimani swali ambalo mtoto anayechunga mbuzi Luberizi analijua. Wanatazamana. Wanajiuliza kama ni mtego. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kushuka karibu mita 700 kabla ya kulifikia Tanganyika. Mtu aliyekulia hapa hahitaji chombo cha kupimia ili ajue maji yanakwenda wapi. Wanamjibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. Kila mtazamaji wa Uvira atacheka, na kila mtazamaji wa London ataona aibu kidogo, na hakuna aliyeeleza ukoloni ni nini.

Lakini filamu yenu ni ya 1958, kwa hiyo nimejaribu kutafuta tukio la namna hiyo ndani ya zama zenu. Nimelipata penye pamba.

Wazee waliopo hapa hawahitaji kufundishwa. Sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1917 iliwapa watawala uwezo wa kulazimisha vijiji kulima mazao fulani, na katika bonde hili zao hilo likawa pamba. Pamba haipikwi. Aliyeilima hakuwa na la kufanya nayo isipokuwa kuipeleka kwa mnunuzi aliyewekwa, kwa bei iliyowekwa, siku iliyowekwa, na kutoka katika fedha hiyo alipe kodi. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka kila nyumba ilipita mbele ya mzani. Basi onyesho langu ni hili, na mnaruhusiwa kuliiba.

Asubuhi, kiangazi. Kabla ya picha tunasikia chuma kikigongana na chuma. Picha inafunguka: foleni ya watu wenye vikapu na mafurushi, karani mezani, moniteri wa kilimo kasimama nyuma yake. Watu wanataniana kwa sauti ya chini. Mama mmoja anafika mbele na kuweka kikapu chake. Karani anasogeza jiwe la mzani, anataja kilo, anaandika. Mama hajibu. Anainama, anakichukua kikapu, anakiweka kichwani, anasimama hivyo kwa muda akitazama mbele. Kisha anakishusha tena kwenye mzani. Foleni imenyamaza. Karani anasogeza jiwe kwa mara ya pili na kuandika namba ileile. Mbali, honi ya treni inalia. «Mwingine!» anasema karani.

Hapo kata. Dakika mbili, hazizidi.

Yule mama amebeba mizigo kichwani tangu utoto na shingo yake inajua kilo kuliko jiwe la karani. Mtazamaji amejua kwamba yeye anajua, karani amejua kwamba yeye anajua, na foleni nzima imeshuhudia. Mkimfanya mama huyo awe mama wa kijana wa baiskeli, hamtahitaji hotuba yoyote baadaye kueleza kwa nini mwaka 1964 kijana alikwenda. Aprili mwaka ule uasi ulianza katika bonde hili, Musa Marandura akiwa miongoni mwa viongozi wake, na katikati ya Mei Uvira ikawa mikononi mwa waasi, wengi wao wakiwa na mikuki, mapanga na imani katika maji ya dawa. Watu wa mbali wameandika sana juu ya maji hayo ya dawa. Juu ya mzani wameandika kidogo.

Onyesho hilo nimelitunga. Kazi yenu ni kwenda kwa wazee na kuwauliza: lingeweza kutokea? Mzani ulikuwa wa namna gani, wa kuning'inia au wa jukwaa? Fedha ililipwa palepale? Mwanamke angethubutu? Wakisema asingethubutu, badilisheni. Labda anakinyanyua kikapu akiwa ameshaondoka mbele ya karani. Itakuwa bora zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kuuchagua mzani, na hii naisema polepole kwa sababu wote tunaijua. Katika bonde hili uso wa kwanza kwenye filamu hautatazamwa kama uso tu. Utahesabiwa. Mkianza na mzee Mfuliiru akitazama mashamba, Mrundi ataondoka akisema filamu imeshasema ardhi ni ya nani. Mkianza na ng'ombe na mchungaji wao, wengine wataondoka kwa sababu hiyohiyo. Mvira atauliza kwa nini ziwa halipo, Mbembe na Munyamulenge watauliza yao. Najua waongozaji wanaokwepa tatizo hili kwa kuanza na mikono isiyo na nyuso, au na mandhari ya milima kutoka kwenye droni. Huo ni woga, na mtazamaji huunusa. Foleni ya pamba inawaweka watu wa lugha tofauti mahali pamoja, chini ya karani mmoja, kila mtu na furushi lake. Hamkuwapatanisha kwa nguvu. Ni kodi iliyowapanga mstari. Wacheni mzaha upite kwenye foleni kwa Kifuliiru na ujibiwe kwa Kirundi. Karani aseme Kiswahili cha amri. Askari akitokea, Kilingala, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya amri ya Force Publique, jeshi la wakoloni. Msiwafanye wote waseme Kiswahili safi cha redio. Maandishi ya tafsiri chini ya picha hayana gharama kubwa.

Sasa nizungumze juu ya risasi za ukurasa wenu wa kwanza, na naomba wazee wanisamehe kwa kulitaja jambo hili hadharani. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa Mutarule, waliuawa watu zaidi ya 30, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Filamu yenu haihusu usiku huo. Lakini hakuna mtu wa kijiji hiki atakayeketi mbele ya turubai, aone usiku, nyumba inayowaka na mwanamke anayepiga yowe, halafu afikirie 1964. Mtakuwa mmechukua maumivu ambayo si ya hadithi yenu ili kuipa hadithi yenu nguvu ya bure. Ukumbi utalia, na ninyi mtadhani ni ufundi wenu.

Hata upigaji wenyewe una hatari. Bunduki ya mbao ikionekana kwa mbali ni bunduki. Mlio wowote usiotangazwa utawakimbiza watu mpaka milimani, na kama kuna wenye silaha karibu, wanaweza kujibu. Kama baadaye ndani ya filamu mnahitaji silaha, chifu wa kijiji ajue siku na saa, kanisa litangaze Jumapili, kamanda wa eneo ajue kwa maandishi, na milio iwekwe baadaye kwenye kompyuta, isipigwe hapa hata mara moja. Wala msimwombe mtu aliyekuwapo usiku ule aigize kupiga yowe. Hata akikubali. Hasa akikubali, kwa sababu hamtajua anakubali kwa nini, na hamna mtu wa kumtunza kamera ikizimwa.

Yaliyobaki ni mambo ya kazi. Kuhusu mwanga: milima ya Mitumba iko magharibi yetu na inalimeza jua mapema, kwa hiyo ile saa ya jioni inayosifiwa katika vitabu vya kupiga picha sisi ni kama hatuna. Asubuhi ndiyo yetu. Jua linatoka juu ya milima ya Burundi na kulala chini juu ya bonde kwa muda mzuri. Pangeni foleni ikitazama mashariki. Fikeni gizani, pigeni picha pana kwanza wakati watu hawajachoka, na nyuso baadaye chini ya kivuli. Kiangazi kina vumbi na moshi wa nyasi, na hilo litawasaidia kuficha mambo mengi ya karne hii kule nyuma.

Mambo ya karne hii ni mengi kuliko mnavyodhani. Bidoni la njano la lita 20 peke yake laweza kuua filamu ya 1958. Tafuteni mitungi, vibuyu na mabeseni ya enameli. Mabati yalikuwapo kwenye misheni na nyumba za kampuni, lakini safu ya mabati mapya nyuma ya foleni itasema uongo. Kandambili, mawigi, mifuko ya plastiki, antena, pikipiki: mmoja wenu awe na kazi hiyo moja tu, kutazama kona za picha na kuwa na mamlaka ya kusema simama. Askari wa miaka ya 1950 mvisheni kaki na kaptula, msiazime sare za madoadoa kwa sababu tu zinapatikana. Vitenge vya zamani waombeni bibi zenu. Bibi atawapa, lakini atataka kujua vinakwenda wapi, na hapo mtapata pia habari ambayo hamkuiuliza.

Treni. Reli ya kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, mpaka Kamanyola, karibu kilomita 90, ilikamilika 1931 na kufungwa 1958, mwaka uleule filamu yenu inapoanza. Mliniandikia mkiuliza kama mnaweza kutengeneza treni kwa kompyuta. Msijaribu. Treni mbaya ya kompyuta ni mbaya kuliko ukosefu wa treni. Isikike, isionekane. Honi moja ya mbali, na mtoto mmoja kwenye foleni anayegeuza kichwa kabla ya watu wazima. Baadaye katika filamu, honi hiyo isisikike tena, na hakuna mhusika atakayetaja. Wazee ukumbini watajua reli imefungwa. Kama mnataka chuma chenyewe kionekane, tundikeni kipande cha reli kiwe kengele ya soko, kama shule nyingi za Afrika Mashariki zinavyofanya. Ndicho kile chuma tunachokisikia kabla ya picha.

Na ziwa, ambalo mmeliweka kwenye maonyesho ya mwisho. Ziwa si mandhari isiyobadilika. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona miti ambayo 1871 ilikuwa kwenye nchi kavu sasa imesimama majini. Miaka michache baadaye maji yalipasua njia ya Lukuga na ziwa likashuka mita nyingi. Lilipanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 na kufika kilele chake mwaka 1964, mwaka wa uasi wenu. Kwa hiyo zile nyumba za pwani ya Uvira zilizoingiwa na maji katika miaka hii, ambazo mlisema zimewaharibia mandhari, zinaweza kuwa karibu na ukweli wa 1964 kuliko ufukwe mpana mliokuwa mkiutafuta. Waulizeni waliokuwa wavuvi wakati huo maji yalifika wapi. Waulizeni pia juu ya uvuvi wa ndagala kwa moto wa kuni mbele ya mtumbwi na wavu wa lusenga, kabla taa za karabai hazijaenea. Hilo nalo ni onyesho, lakini msilitie kwenye ufunguzi; mna moja tayari.

Nimalizie kwa ombi, na hili si kwa wanafunzi peke yao. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1958, aliyesimama kwenye foleni ya pamba na kupanda treni ya Kamanyola, leo amepita miaka 80. Bado wapo, Mutarule, Sange, Luberizi, Kiliba. Simu mlizo nazo mifukoni zinatosha kurekodi sauti zao. Kabla hamjaazima kamera na kabla hamjashona kaptula moja ya kaki, kila mwanafunzi akaketi na mzee mmoja, amuulize juu ya mzani, bei, karani, reli na maji, aandike jibu katika lugha lilimotolewa. Na ninyi watoto na wajukuu mnaokaa na wazee hao, wakija vijana hawa mlangoni msiseme mzee amechoka. Muulizeni mwenyewe.